Nguo Hukaguliwa kwa Ndani

Sisi tuliokulia Butembo wakati ule, kabla kila kona haijapata atelier ya fundi yenye jenereta na mashine za umeme, tunajua jambo moja ambalo watoto wetu wanalicheka: nguo mpya haikusifiwa kabla haijageuzwa. Ulikuwa unatoka nje na gauni lako jipya, umepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, na mama wa jirani anakuita kwa upole kabisa, "Kuya hapa, mama." Unakwenda ukidhani unakwenda kusifiwa. Kumbe mkono wake umeshafika kwenye pindo, ameligeuza, anaitazama mishono kwa ndani kama mtu anayechagua maharage kwenye ungo. Akikuta kingo zimefungwa vizuri anakuachia na kusema, "Aa, iyi njo nguo." Akikuta nyuzi zinaning'inia, hasemi neno. Anakuachia tu, na hapo ujue habari zako zitafika kwenye bomba la maji kabla wewe hujafika nyumbani.

Mama yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Masika kwa jina la dada yangu mkubwa, alikuwa na mashine ya kushona ya mkono. Ilikuwa nyeusi, na ubavuni ilikuwa na maua ya dhahabu yaliyofutika nusu. Kaka yake wa Kirumba ndiye aliyempa siku alipoolewa, na Mama aliipenda kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, sisi watoto tukiwa wa pili kwa mbali. Mashine ile ilijua jambo moja tu, kwenda mbele kwa mstari ulionyooka. Haikujua zigzagi. Haikujua kupiga surje, ile kazi ya kuuzungushia uzi ukingo wa kitambaa ili usichambuke. Surje ilikuwa mjini, kwenye atelier kubwa za barabara kuu, na kwetu ilitajwa kama watu wanavyotaja Ulaya.

Mashine ilikaa karibu na dirisha. Asubuhi za Butembo mnazijua wenyewe, ukungu umelala juu ya mikaratusi, baridi inakuuma vidole, na wewe hutaki kutoka chini ya blanketi. Mimi niliamshwa na sauti ya gurudumu lile, kirikiri, kirikiri, na harufu ya mafuta ya mashine ikichanganyika na moshi wa jikoni. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuokota sindano na pini sakafuni kwa sumaku iliyotolewa kwenye radio iliyokufa. Niliifanya kwa bidii, kwa sababu anayeacha pini ndiye aliyeikanyaga kesho yake. Halafu tulikunywa chai ya kyayi-kyayi, yaani mchaichai, na kiazi kilicholala, tukateremka shuleni mbio, blauzi nyeupe na sketi ya buluu, vitabu ndani ya mfuko wa plastiki.

Na nguo zetu zilifanya kazi, jamani. Leo binti yangu akipata nguo mpya anaipiga picha kwanza, anaivaa Jumapili moja, na Jumapili ya pili anasema imezeeka. Sisi tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu, uwanjani mpaka vumbi jekundu likafika masikioni. Tuliteremka mlima tukiwa tumepanda chukudu ya mtu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, watoto wanne juu ya mti mmoja, na breki ilikuwa nyayo zetu. Tulipanda mipera, tukaruka nyaya za uzio, tukaanguka matopeni na kuinuka. Mshono ambao haukufungwa vizuri haukuvumilia maisha hayo hata wiki moja. Ndiyo maana wale akina mama waligeuza nguo kwanza. Hawakuwa wabaya, walikuwa wanatujua.

Sasa nieleze lililompata Masika, kwa sababu bila hilo hamtaelewa hofu yangu.

Masika alipokea Komunyo ya kwanza kabla yangu. Mama alimshonea gauni la sateni jeupe, refu, lenye mikono iliyovimba mabegani. Mistari yake ilinyooka kuliko barabara yoyote tuliyowahi kuahidiwa. Lakini sateni ni kitambaa chenye roho mbaya. Ukikikata kinaanza kuchambuka hapo hapo, uzi mmoja baada ya mwingine, na Mama alikuwa amezikata kingo kwa mkasi tu na kuziacha hivyo. Siku chache kabla ya sherehe Masika alilijaribu gauni akiwa anakula, mafuta ya mawese yakamwagikia kifuani. Likafuliwa. Doa halikutoka, likafuliwa tena. Likatiwa wanga wa muhogo, likapigwa pasi ya makaa mpaka likasimama lenyewe. Kila mara lilipofuliwa kingo zilizidi kuliwa kwa ndani, na hakuna aliyefikiria kugeuza na kutazama.

Siku yenyewe, wasichana walipokwenda mbele wakicheza na kuinua mikono juu, mshono wa ubavu ulifumuka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Parokia nzima ikaona sketi ya ndani ya dada yangu, nyekundu kama nyanya. Hakuna aliyecheka kanisani, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mama mmoja alitoka kwenye benchi, akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika Masika. Dada yangu aliipokea Komunyo yake amefungwa kitenge kama mtoto aliyeokotwa mvuani. Wenye kucheka walicheka kwao.

Baada ya hapo hakuna mtu aliyemwambia Mama neno. Watu walipita tu mbele ya dirisha letu na vitenge vyao kwapani, wakamsalimia vizuri, wakaulizia watoto, wakaendelea kwenda mjini. Mashine ilianza kulala chini ya kifuniko chake cha mbao siku nzima. Mama akazidisha kulima. Alikuwa mtu wa kuimba akishona, na kwa muda mrefu sana hatukumsikia.

Ikafika zamu yangu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa maharage, kila Jumatatu alipanda lori kwenda Kirumba. Jioni moja tukiwa tunakula, Mama alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Masika, gauni ya Kavira nitaishona mimi mwenyewe. Lakini iyi njo ya mwisho. Ikifumuka, Lundi ukipanda lori ubebe mashine, uirudishe kwa kaka yangu. Mi nitabaki na jembe. Ku jembe hakuna mushono ya kupasuka."

Baba aliacha kutafuna. Mimi Kavira nilikuwa mtoto wa kupenda kula na kulala, mambo mengi yalinipita. Hilo halikunipita. Nilielewa kwamba mashine itabaki nyumbani au itaondoka kwa jinsi gauni langu litakavyokuwa siku ile, na kwamba nikipanda mti nalo, au nikinenepa, au nikipumua vibaya, nitamnyang'anya Mama kitu chake. Tangu jioni ile niliota ndoto za gauni linalopasuka. Nilianza hata kukataa bugali, na kwa mtoto kama mimi hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa.

Aliyetuokoa kwanza ni jirani yetu, Maman Beti. Alikuwa mke wa askari aliyeletwa kutoka jimbo la Équateur, mwanamke mkubwa wa kucheka, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Lingala. Alimkuta Mama ameketi mbele ya sateni yangu bila kuikata, akauliza kuna nini, Mama akamweleza yote.

"Yoka, Mama Masika," alisema, akivuta kiti. "Kwetu bamasere, basista ba misheni, balitufundisha couture anglaise. Unashona mara mbili. Mara ya kwanza unashona ku inje, kule kunaonekana, kingo zote zitoke inje. Unakata kingo zinabaki fupi. Unageuza. Mara ya pili unashona ku ndani. Nyuzi zote zinaingia cachot. Zitatoka wapi?"

Mama, ambaye mumewe aliuza maharage tu, alicheka kwa sababu ya ile cachot, yaani jela. Wakajaribu kwenye foronya kuukuu. Nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu. Mshono wa kwanza ulikuwa kituko, kitambaa kimeshonwa huku nyuzi zimesimama nje kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Lakini walipogeuza na kushona tena, kingo zilimezwa. Ndani palikuwa safi kama nje. Mama aliitia foronya majini, akaisugua kwa nguvu zote, akaikamua, akaivuta. Haikutoa hata uzi. Na mashine ilikuwa ile ile isiyojua lolote ila mstari ulionyooka.

Ijumaa mchana alikata gauni langu na kupiga mishono ya kwanza yote, ubavuni, mabegani, mikononi, kingo zikiwa zimetoka nje kama alivyofundishwa. Akazipunguza kwa mkasi zikabaki nyembamba. Jua likawa limeshuka, na Mama hakupenda kushona sateni kwa taa. Akaliweka gauni juu ya kiti, akalifunika. Jumamosi asubuhi kulikuwa na salongo, kazi ya wote, ya kusafisha kanisa, na sisi watoto tulikuwa na maungamo, kwa hiyo tuliondoka wote. Nyumbani alibaki Koko.

Koko, yaani bibi, alikuwa mama yake Baba. Alikuwa amefika Ijumaa ile ile usiku kutoka Alimbongo, juu ya lori la viazi, na kuku mmoja, na mzigo wa poro, ile mboga ya jamii ya vitunguu, ambao harufu yake ilijaza nyumba. Alikuwa mdogo wa mwili, na Kinande kilimtoka haraka kuliko Kiswahili. Yeye na Mama waliheshimiana sana, heshima ile ya kuachiana kiti na kutotazamana usoni. Habari ya gauni la Masika ilikuwa imemfikia kule kule Alimbongo. Hakuwahi kuitaja. Sasa fikiria mama mzee huyo, peke yake nyumbani asubuhi, anafunua kiti, anaona gauni la mjukuu wake limeshonwa na nyuzi zote zimekaa nje. Na kwa desturi yetu, jambo la kwanza ulilofanya na nguo lilikuwa kuitazama mishono.

Tuliporudi tulimkuta ameketi kwenye mkeka uani, juani. Mbele yake gauni langu lilikuwa vipande vipande, vimepangwa vizuri kabisa, mkono juu ya mkono. Kando yake kulikuwa na wembe na kidonge cha uzi mweupe alichokikunja kwa uangalifu ili usipotee. Alikuwa anatabasamu.

"Mama Masika, ulichoka jana, mwanangu," alisema polepole, karibu kwa kunong'ona, ili majirani wasisikie. "Ulishona nguo yote, ndani ikawa inje. Lakini hapana kuogopa. Nilifumua yote. Mutu hatajua."

Mama alikuwa bado ameshika ufagio wa kanisa. Alikaa kizingitini pamoja na ufagio wake. Hakupiga kelele, ungepiga vipi kelele mbele ya mama mkwe aliyefanya wema? Alifumba macho kidogo, halafu akaeleza kwa sauti ya chini kabisa kwamba haikuwa kosa, ilikuwa nusu ya kazi, na nusu nyingine ilikuwa leo. Koko alisikiliza. Niliona tabasamu linamtoka usoni taratibu. "Aa, Nyamuhanga," alimwita Mungu kwa Kinande, akakiangalia kile kidonge cha uzi mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemwekea.

Mimi nililia, sitaficha. Masika alisimama mlangoni, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya kitenge.

Maman Beti aliitwa, akaja mbio na mikono yenye unga. "Nzambe na ngai, Mungu wangu!" Akavipima vipande kwenye mwili wangu, akavuta huku, akavuta kule. Kingo zilikuwa zimeshapunguzwa, na wembe na matundu ya sindano yalizifanya zianze kuchambuka upya. Ukirudia kushona mara mbili kitambaa kitapungua, na gauni halitanienea. "Mutoto naye anakula muzuri," alisema, akinipiga piga tumboni, na hakuna aliyecheka. Mshono mmoja mwembamba ungewezekana, lakini kingo zingebaki wazi, na sote tulijua sateni yenye kingo wazi inafanya nini mbele ya altare. Zilitakiwa kufungwa kwa biyé, yaani utepe mwembamba wa kitambaa kilichokatwa mshazari, ukakunjwa juu ya ukingo na kushonwa. Biyé haihitaji zigzagi wala surje. Inahitaji kitambaa tu, laini na cheupe. Na kitambaa hakikuwepo. Masalio ya sateni yalikuwa yameshakuwa maua madogo ya mkanda. Siku ile ilikuwa ville morte, siku ya mgomo, mji mzima umefunga milango, hata muuza mkaa hakuonekana.

Mama alianza kuviangalia vipande bila kuvigusa. Nilimwona anainua macho, anaitazama mashine pale dirishani, na nikajua anaiaga.

Ndipo Koko alipopeleka mikono yake kichwani na kufungua kitambaa chake.

Sikuwahi kuziona nywele za Koko kabla ya siku ile. Zilikuwa nyeupe zote, chache, zimesukwa mistari midogo iliyoanza kulegea. Kitambaa kilikuwa cha pamba laini, cheupe pe, kile cha Misa za sikukuu, alichokivaa kwa ajili yangu. Alikikunjua, akakiweka mapajani mwa Mama.

"Kata."

"Mama, hapana," Mama alisema. "Iyi njo ya Misa."

"Misa iko ya Mungu. Kitambaa iko yangu. Kata."

Walitazamana. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Halafu Mama akachukua mkasi.

Alikikunja kitambaa pembe kwa pembe, akachora mistari ya mshazari kwa kipande cha sabuni, akakata tepe. Akaziunganisha zikawa utepe mmoja mrefu uliozunguka miguu yake. Maman Beti alipuliza makaa kwenye pasi, akaukunja utepe kila upande akiupiga pasi, akiimba nyimbo za kwao. Na aliyezungusha gurudumu la mashine siku ile alikuwa Koko, kichwa wazi mchana kweupe, ili Mama awe na mikono miwili ya kuongoza sateni. Koko hakujua mashine. Aliizungusha kama mtu anayesaga mawele, Mama akawa anasema, "Pole pole, Mama. Sasa. Simama. Tena." Mashine ikaenda kirikiri, mbele moja kwa moja, ikila biyé na sateni pamoja. Kwenye mkunjo wa kwapa, pale penye shida, utepe wa mshazari ulijinyoosha na kuzunguka bila kukunjamana. Mimi nilikatazwa kusogea. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikakaza mikono magotini.

Mshono wa mwisho ulipokwisha, jua lilikuwa bado liko juu ya mikaratusi. Mama alikata uzi kwa meno. Hakunipa mimi gauni. Alimpa Masika.

"Vuta," alimwambia.

Masika alishika ubavu wa gauni kwa mikono miwili na kuvuta. Alivuta kwa nguvu, meno nje, kama mtu mwenye kisasi na nguo zote za dunia. Akavuta bega. Akavuta kwapa. Akaligeuza, akapitisha kidole juu ya biyé kutoka juu mpaka chini, taratibu. "Haiendi fasi, haipasuki," alisema, na akaanza kulia yeye sasa, na Mama akamkumbatia pamoja na gauni.

Jumapili Koko alikwenda kanisani amefunga kitambaa cha Maman Beti, cha zambarau chenye kasuku wa kijani, wakubwa, mmoja katikati ya paji la uso. Mama mzee wa Alimbongo aliyejulikana kwa weupe wa kitambaa chake! Watu waligeuka. Yeye alitazama mbele. Mimi nilitembea kwenye mstari wa wasichana nikisikiliza mwili wangu mwenyewe. Tulipoanza kucheza kwenda mbele sikuinua mikono, nilijifanya mtulivu wa roho. Halafu nikasikia sauti ya Mama nyuma yangu, anaimba. Ulikuwa umepita muda mrefu sana bila kumsikia. Nikainua mkono mmoja kidogo. Hakuna kitu. Nikainua wa pili. Hakuna kitu. Basi nikainua yote miwili mpaka juu kabisa, nikacheza kuliko wote, nikazunguka pale ambapo hatukufundishwa kuzunguka, na katekista akanitolea macho. Nilipopiga magoti nilihisi biyé inanishika chini ya makwapa, laini, imekaa mahali pake. Mungu anisamehe, nilipokea Komunyo yangu ya kwanza huku nikiwaza mshono.

Nje, akina mama walikuwa wananisubiri. Hawakuficha. Mmoja alishika pindo, akaligeuza, mwingine akatia kichwa. Ndani ya gauni, kila ukingo ulikuwa umefungwa kwa utepe mweupe, sawasawa, juu mpaka chini. Kusema kweli ndani palipendeza kuliko nje.

"Iyi ni ya mujini?" aliuliza mmoja.

Koko akamtangulia Mama kujibu, na kasuku wake kichwani. "Ni ya ku dirisha yetu," alisema. "Munaipitaka kila siku."

Mama alipasuka kicheko. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi za kanisa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akacheka tena. Mchana ule nilikula mara mbili, kuku wa Alimbongo na viazi na poro, nikiwa bado ndani ya gauni langu, na hakuna aliyenikataza. Jumatatu Baba alipanda lori la Kirumba na magunia yake ya maharage tu. Kabla wiki haijaisha dirisha letu lilianza kubishwa tena, na vitenge vikarudi kimoja kimoja, kila mmoja akitaka "ile ya ndani". Koko alirudi kwake na kitambaa kipya ambacho Mama alimshonea, pindo zake zimefungwa kwa biyé. Tangu hapo walipokutana walitazamana usoni, wakagombana pia, kama watu wa nyumba moja.

Sasa mimi naishi Beni. Mtaani kwetu kuna mashine za surje tatu au nne, zinakata, zinafunga, zinamaliza kabla hujauliza habari za watoto. Nashukuru, nisidanganye. Sitaki mtoto yeyote aende altareni akiogopa kuinua mikono kama mimi. Njia ikiruhusu nakwenda Butembo kumwona Mama. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini ukimpa nguo anaigeuza na kuisoma kwa vidole. Binti yangu humpelekea zile anazonunua sokoni, anacheka bibi yake akizikagua. "Koko, ni nguo tu," anamwambia. "Ikiharibika nitanunua ingine."

Na kweli ni nguo tu, na ikiharibika atanunua nyingine. Zimefungwa vizuri, hata Mama anakubali. Mimi ndiye ninayebaki nazo mkononi baadaye, nikiwa peke yangu, nimezigeuza, naangalia ule uzi wa mashine uliopita haraka haraka ukingoni, na ninajiuliza ni nani aliyefungua kitambaa chake kichwani kwa ajili ya mtoto wangu.